Kutengeneza Baiskeli Yako Mwenyewe: Kuanzia Pancha Hadi Gololi

Baiskeli haina siri. Karibu kila kifaa chake kiko nje, kinaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono, na kazi nyingi zinamalizika kwa spana chache na kitambaa. Tatizo la wengi ni kukimbilia kifaa kabla ya kutafuta chanzo. Tairi likiisha upepo wanabadilisha tyubu na kuuacha mwiba palepale ndani ya tairi. Cheni ikiruka wanaikata pingili moja, kumbe meno ya sproketi, gurudumu la meno linalobeba cheni, yamelika. Kwa hiyo kila sehemu ya mwongozo huu inaeleza kinachoharibika na sababu yake, ndipo inakuja kwenye spana.

Vifaa vya kuanzia

Anza na vichache lakini imara. Spana ya mm 15 utaishika kuliko zote, kwa sababu ndiyo ya nati nyingi za ekseli ya nyuma na ya pedali nyingi. Ongeza za mm 8, 9, 10, 13 na 14, funguo za pembe sita, zile za umbo la L, za mm 4, 5 na 6, bisibisi bapa na ya nyota, vijiti viwili vya kutolea tairi, pampu, msasa, solusheni (gundi ya viraka) na viraka, spana ya spoki, kikata cheni, kopo la grisi, chupa ndogo ya oili na vitambaa. Ukifika kwenye habu, kitovu cha gurudumu chenye ekseli na gololi, utahitaji spana nyembamba za koni (nati zilizochongoka zinazobana gololi), kwa kawaida za mm 13 kwa mbele na mm 15 kwa nyuma. Spana za kawaida ni nene mno, haziingii pale.

Spana ya kurekebishika, ile mafundi wanayoiita spana malaya, iweke kando hadi usiwe na njia nyingine. Mdomo wake huachia kidogo kila unapoiminya, na nati iliyoviringika pembe inaigeuza kazi ya dakika tano kuwa ya nusu siku.

Nati na bolti hukazwa kwa kufuata mshale wa saa na kulegezwa kinyume chake. Kuna hesi (mikato ya mzunguko ya kufungia) mbili zinazokwenda kinyume, na kila anayeanza huzisahau walau mara moja: pedali ya kushoto, na kikombe cha upande wa kulia cha ekseli ya mikono ya pedali katika baiskeli nyingi. Kitu kikikataa kufunguka, simama kwanza ujiulize kama hujakikaza zaidi.

Dakika mbili kabla ya kupanda

Minya tairi zote mbili kwa dole gumba. Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli kwenda mbele; halafu ya nyuma hivyo hivyo. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla gurudumu halijakamatika, usiondoke. Inua gurudumu moja moja, lizungushe, utazame ringi inavyopita kati ya raba za breki. Shika kila gurudumu juu na ulitikise kushoto na kulia; likicheza na kugonga, koni zimelegea. Mwisho gusa nati za ekseli, au liva ya kufungia haraka, uhakikishe zimekaza.

Upepo na pancha

Pancha nyingi zinatokana na upepo mdogo. Tairi lililolegea hubonyea hadi ringi inapopigana na jiwe au ukingo wa barabara, na tyubu katikati yake hukatwa mara mbili. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa psi au kwa bar, vipimo vya msukumo wa upepo (bar 1 ni psi 14.5 hivi). Kwa makadirio, tairi pana la njia mbovu hubeba psi 30 hadi 50, tairi la wastani la baiskeli ya mizigo na safari za kila siku psi 45 hadi 65, na tairi jembamba la barabara ya lami psi 80 hadi 100. Ukibeba mzigo, sogea karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa, lakini usikivuke. Tyubu hupoteza upepo polepole hata kama haina tundu, kwa hiyo pima kila wiki.

Hivi ndivyo pancha inavyozibwa ili isirudi:

1. Kabla ya kutoa chochote, zungusha tairi polepole ulitazame. Ukiona mwiba, msumari au kipande cha chupa, weka alama kwa chaki kisha ukitoe.

2. Toa gurudumu. Maliza upepo wote. Bana tairi kwa vidole pande zote mbili ili kingo zake zishuke katikati ya ringi, ambako pana kina zaidi. Hapo ndipo unapopata nafasi. Ingiza kijiti cha kwanza mbali na valvu, cha pili umbali wa spoki mbili tatu, kisha utoe ukingo mmoja tu. Ukingo wa pili ubaki ndani.

3. Vuta tyubu nje, lakini kumbuka ilivyokaa: upande upi ulitazama kulia, na valvu ilikuwa wapi. Ijaze upepo hadi inenepe kuliko kawaida, uipitishe karibu na shavu au mdomo. Ngozi hiyo husikia hata upepo mwembamba. Usipoupata, ichovye kwenye maji kipande kwa kipande na ufuatilie mapovu. Chovya na valvu pia.

4. Tundu linasema chanzo chake. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au kioo. Matundu mawili madogo yaliyopangana ni tyubu iliyobanwa na ringi, yaani ulikuwa na upepo mdogo. Tundu upande wa ndani, ule unaotazama ringi, ni ncha ya spoki iliyojitokeza au utepe wa ringi (unaofunika vichwa vya nati za spoki) uliohama. Mpasuko shinani mwa valvu unatokea tairi likizunguka juu ya ringi kwa kukosa upepo, likaivuta valvu ikakaa upande. Huo hauzibiki, badilisha tyubu.

5. Rudisha tyubu juu ya tairi ilivyokuwa, ulinganishe tundu na sehemu yake ya tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa kwenye ncha ambayo jicho halikuiona, na kitaviokoa vidole vyako. Mwiba mara nyingi umevunjikia ndani na nje hauonekani kabisa: usukume kwa ncha ya bisibisi kutoka nje, uung'oe kwa koleo kutoka ndani. Kazi yote ya pancha iko katika hatua hii. Ukiiruka utafungua tairi lilelile kesho.

6. Kausha tyubu, uisugue kwa msasa eneo pana kuliko kiraka, mpaka ule mng'ao wa mpira upotee na mstari wa maungio uwe sawa na sehemu nyingine. Futa vumbi. Usipashike tena kwa kidole, kwa kuwa jasho na mafuta ya ngozi huzuia solusheni kushika.

7. Paka solusheni nyembamba, nayo ivuke mipaka ya kiraka. Kisha subiri. Hapa ndipo haraka inapoharibu: kiraka kikiwekwa kwenye solusheni mbichi, dawa iliyonaswa chini yake haikauki, na kiraka kinateleza kama kilichobandikwa kwa uji. Dakika 5 zinatosha katika hali ya kawaida. Utajua kwa kutazama: ule unyevu unaong'aa hufifia na kuwa kama ngozi kavu, na ukigusa pembeni kwa kifundo cha kidole unahisi inanata bila kuacha alama. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu.

8. Bandua karatasi ya chini ya kiraka, ukibandike mara moja bila kukihamisha, ukigandamize kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni. Mpini wa bisibisi unafaa kwa kazi hii. Nailoni ya juu iache kama haitoki kwa urahisi. Wengi wameing'oa pamoja na kiraka.

9. Tia tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo lake la duara. Anza na valvu kwenye tundu lake, ingiza tyubu yote, kisha rudisha ukingo wa tairi kwa mikono ukianzia upande wa pili wa valvu na kumalizia kwenye valvu. Kipande cha mwisho kikikaza, zunguka tena ukiminya kingo zishuke katikati ya ringi. Kutumia kijiti hapa ndiko kunakoleta pancha mpya, kwa sababu ncha yake huibana tyubu usiyoiona.

10. Sukuma valvu kwenda juu mara moja ili tyubu isibanwe chini ya ukingo, kagua pande zote mbili kwamba hakuna tyubu inayochungulia, ndipo ujaze. Ubavuni mwa tairi kuna mstari mwembamba unaofuata ringi. Uonekane kwa umbali uleule mzunguko mzima. Ukizama mahali fulani, toa upepo, sogeza tairi, jaza tena.

Unaponunua tairi, usiamini namba ya inchi peke yake. Tairi mbili zote zikiandikwa 26 zinaweza zisiingiliane: 26 x 1 3/8 hukaa kwenye ringi ya mm 590, wakati 26 x 2.0 ya baiskeli za milimani hukaa kwenye ya mm 559. Soma ile namba yenye kistari, mfano 40-635 au 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha mahali linapokaa kwenye ringi, na hiyo ya pili lazima ifanane na ya tairi unalolitoa.

Baiskeli yenye valvu za zamani zinazotumia kimpira chembamba huvujisha kimpira hicho kikikauka na kupasuka. Kinabadilishwa kwa sekunde chache, na kabla hujaifungua tyubu nzima kukitafutia tundu lisilokuwepo, lowesha ncha ya valvu kwa mate uone kama inatoa povu.

Breki

Breki za ringi zinahitaji mambo matatu: raba nzuri, waya unaoteleza, na ringi safi. Raba zina mifereji. Mifereji ikiisha, raba imeisha. Raba ikilika mpaka chuma kilichomo ndani yake kiguse ringi, ringi nayo inaanza kulika, na hiyo ni gharama nyingine.

Raba ikae katikati ya ukuta wa ringi. Ikipanda juu inakata tairi, ikishuka chini inaponyoka na kuingia kwenye spoki. Iache umbali wa mm 1 hadi 2 kutoka kwenye ringi kila upande. Ili isipige kelele, sehemu ya mbele ya raba iguse kabla ya ile ya nyuma kwa tofauti ya mm 1. Njia rahisi: kunja kadi nyembamba, iweke kati ya ringi na mwisho wa nyuma wa raba, kamata breki, kaza bolti ya raba, toa kadi.

Mkono wa breki ukivutika sana, zungusha kwanza ile nati ya mviringo inapoingilia waya kinyume cha mshale wa saa. Ikifika mwisho, irudishe ndani karibu yote, legeza bolti inayobana waya, vuta waya kwa koleo huku ukizibana raba kwenye ringi, kaza. Kisha kamata breki kwa nguvu zako zote mara kumi ukiwa umesimama. Kama waya utateleza, uteleze hapo nyumbani.

Mkono ukiwa mgumu kurudi, usikimbilie springi. Mara nyingi ni kutu ndani ya ganda la waya. Waya ulioanza kuchanika nyuzi, hata mmoja, unabadilishwa siku hiyohiyo. Huchanika zaidi pale panapojificha ndani ya mkono wa breki, kwa hiyo vuta mkono uchungulie. Breki za vyuma virefu, zinazovuta raba juu kwenye ukingo wa ndani wa ringi, hurekebishwa kwenye nati ndogo zinazobana vyuma hivyo, na hudai ringi iliyonyooka.

Breki za diski zina sharti moja kubwa: mafuta yasifike kwenye diski wala kwenye pedi. Tone moja la oili ya cheni linatosha kuondoa nguvu ya breki, na pedi iliyonyonya mafuta ni nadra kupona. Diski isafishwe kwa spiriti na kitambaa kipya. Kama breki ni za majimaji, usikamate mkono wake gurudumu likiwa limetolewa, kwa sababu pistoni zitatoka nje na diski haitaingia tena. Mafuta ya madini na yale ya aina ya DOT (kama ya breki za magari) hayachanganywi. Mafuta yanayotakiwa yameandikwa kwenye kifuniko cha mkono wa breki.

Cheni

Cheni haivutiki kama mpira, ingawa watu husema imevutika. Kinachotokea ni pini zake kulika pale zinapozungukia, na kila pingili inaongeza nafasi ndogo sana mpaka cheni nzima inakuwa ndefu. Ikishakuwa ndefu haikai tena vizuri kwenye meno ya sproketi, inayapanda na kuyalainisha kwa msasa wa mchanga na oili. Ndiyo maana cheni iliyoachwa muda mrefu hufa pamoja na sproketi zake.

Ipime kwa rula. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini nyingine ni inchi nusu, mm 12.7. Hesabu nafasi 24: cheni mpya ina mm 304.8, yaani inchi 12 kamili. Ikifika kama mm 306.5, ibadilishe ikiwa baiskeli ina gia nyingi nyuma. Ikifika mm 308, tarajia kubadilisha na sproketi. Baiskeli isiyo na gia huvumilia zaidi, kwani cheni yake ni nene na meno yake ni mapana. Dalili kwamba sproketi imekwisha ni meno yaliyopinda kama mapezi ya papa, na cheni mpya kuruka ukikanyaga kwa nguvu.

Kuisafisha: lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, ishike cheni ndani yake, zungusha pedali kinyumenyume mpaka kitambaa kisitoke na weusi mwingi. Baiskeli isiyo na friwili, yaani ile ambayo pedali huzunguka na gurudumu daima, au yenye breki ya kurudisha pedali nyuma, iinue gurudumu la nyuma na uzungushe kwenda mbele. Usitumie petroli, mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo. Acha cheni ikauke. Kisha weka tone moja la oili juu ya kila rola (kijipipa kinachozunguka juu ya pini), mzunguko mmoja tu, zungusha pedali dakika moja oili iingie, halafu futa cheni yote kwa kitambaa kikavu. Kufuta ni lazima. Oili inayofanya kazi ni ile iliyo ndani ya rola. Ya nje kazi yake ni kukusanya vumbi. Grisi haifai hapa kwa sababu ni nzito, haiingii kwenye pini, na mchanga huigeuza kuwa uji wa kusaga chuma. Kwenye vumbi jingi tia oili nyepesi na kidogo, mara kwa mara. Kwenye mvua tia nzito kiasi, na ikaushe cheni baada ya kila safari ya maji.

Kwa baiskeli ya sproketi moja nyuma, cheni inatakiwa kucheza mm 10 hadi 15 juu na chini katikati ya sproketi mbili. Ipime mahali inapokaza zaidi: zungusha pedali polepole, utaona inalegea na kukaza, kwa kuwa sproketi ya mbele haiwi duara kamili. Cheni iliyokaza mno inakula gololi za habu na za mikono ya pedali, iliyolegea inachomoka. Legeza nati za ekseli, vuta gurudumu nyuma, kaza nati ya upande wa cheni kwanza, nyoosha gurudumu liwe katikati ya fremu, kisha kaza ya pili. Kama cheni ina kiungo chenye klipu ya springi, upande wa klipu uliofumba utangulie kule cheni inakokwenda, ili kikigonga kitu klipu isifunguke.

Gia

Zikianza kugoma, hali nyingi ni waya mpya uliolegea au mchafu, si kifaa kibovu. Weka cheni kwenye sproketi ndogo ya nyuma, badilisha gia mara moja. Ikichelewa kupanda, zungusha nati ya mviringo ya waya kinyume cha mshale wa saa nusu mzunguko, ujaribu tena. Ikipanda kwa urahisi lakini ikasita kushuka, zungusha upande mwingine. Skrubu mbili zenye herufi H na L zinaweka mipaka tu: H huzuia cheni isidondoke upande wa fremu, L huizuia isiingie kwenye spoki. Zikiwa sawa, usiziguse. Kama baiskeli ilianguka upande wa kulia na gia zikavurugika zote kwa pamoja, itazame kutoka nyuma: magurudumu mawili madogo yanayoongoza cheni yawe wima chini ya sproketi. Yakiwa yamelala kuelekea spoki, sikio la fremu, kipande kinachoshika kifaa cha gia, limepinda, na hakuna skrubu itakayolinyoosha.

Ringi iliyopinda

Geuza baiskeli miguu juu na utumie raba za breki kama kipimo. Zungusha gurudumu, tafuta mahali ringi inapogusa. Ikiegemea kushoto, kaza spoki zinazotoka upande wa kulia wa habu mahali hapo na ulegeze kidogo za kushoto, robo mzunguko kila moja, kisha uzungushe tena utazame. Wengi hukosea upande wa kuzungusha. Jijengee picha hii: bisibisi imepenya kutoka nje ya tairi na kukaa kwenye kichwa cha nati ya spoki. Kutoka huko, kufuata mshale wa saa ni kukaza. Wewe uliyekaa upande wa habu unaiona kinyume.

Nati zenye kutu zidondoshee oili na uziache usiku kucha kabla ya kuzigusa. Gonga spoki za upande mmoja kwa spana: zinazolia sauti moja zina mkazo mmoja, na inayotoa sauti nzito ya mbao imelegea. Spoki iliyolegea ndiyo hukatika, kwani kila mzunguko inavutwa na kuachiwa. Mpya iwe na urefu uleule. Pima kutoka ndani ya kipindo hadi mwisho wa hesi, na tofauti ya mm 2 inatosha kuharibu kazi. Pembeni ukibakiza mm 1 ya kuyumba, kwa kazi ya nyumbani umefanya vizuri.

Gololi za habu

Hii ndiyo kazi inayoogopwa zaidi, na haina sababu ya kuogopwa. Ifanye mara moja kwa mwaka, au mara gurudumu linapotoa sauti ya kusaga.

Toa gurudumu, tandaza kitambaa cheupe. Fungua upande mmoja tu. Kwenye gurudumu la nyuma, ule usio na sproketi. Shika koni kwa spana nyembamba, legeza nati ya kufungia iliyo juu yake, zitoe zote. Upande wa pili usiuguse, ndio utakaokuwekea ekseli mahali pake. Vuta ekseli polepole juu ya kitambaa na uhesabu gololi zinazodondoka. Kwa kawaida mbele kuna 10 za inchi 3/16 kila upande, na nyuma 9 za inchi 1/4 kila upande. Andika ulichokikuta. Ukiona nafasi ndogo imebaki kati ya gololi wakati wa kupanga, ndivyo inavyotakiwa; kuongeza moja zaidi kutazisababisha zibanane na kusagana.

Safisha kila kitu kwa mafuta ya taa, ukaushe. Sasa tazama koni kwenye mwanga. Gololi huacha njia inayong'aa kuzunguka koni. Njia laini ni nzima. Pitisha ncha ya kalamu ya wino juu yake: ikikwama kwenye vishimo vidogo, koni imekufa na grisi haitaifufua. Chunguza vikombe vya ndani ya habu hivyo hivyo. Gololi nunua mpya zote, za ukubwa mmoja, usichanganye na za zamani. Iliyo kubwa hata kidogo hubeba uzito peke yake na kuwaumiza wenzake.

Jaza grisi kwenye vikombe, panda gololi ndani yake moja moja (grisi inazishika zisidondoke), rudisha ekseli, funga koni kwa vidole mpaka iguse, kisha nati ya kufungia. Kaza nati huku ukiishika koni. Shika ekseli kwa vidole viwili uizungushe. Ikienda kwa kukwaruza kama kuna chembe za mchanga, koni imekaza mno. Ikigonga ukiitikisa, imelegea. Kukaza nati husukuma koni ndani kidogo, kwa hiyo utarudia mara tatu nne kabla ya kupata pale inapozunguka kwa ulaini bila kucheza. Usikubali karibu-sawa. Kama gurudumu linafungwa kwa liva ya haraka, bakiza mchezo mdogo mno, unaopotea liva inapofungwa.

Pedali, mikono yake na shingo

Pedali zote mbili hukazwa kwa kusukuma mpini wa spana kuelekea gurudumu la mbele, mpini ukiwa juu. Hivyo ndivyo hesi ya kinyume ya kushoto inavyokumbukwa. Kinyume hicho kina maana: mzigo wa mguu unapozunguka, ekseli huelekea kujizungusha kinyume na pedali, na hesi zimepangwa ili mwendo huo uikaze. Paka grisi kwenye hesi, anza kwa vidole. Pedali ikiingia kwa shida mzunguko wa kwanza, imeingia mshazari. Itoe kabla hujaliharibu tundu la mkono.

Mkono wa pedali ukigonga mara moja kila mzunguko, acha kuendesha. Ule wa tundu la pembe nne ukiendeshwa umelegea, chuma kigumu cha ekseli hulitafuna tundu, na baada ya hapo hakuna kukaza kutakakousaidia. Wenye pini ya kubana haukazwi kwa nati: egemeza mkono kwa chini kwenye kitu kigumu, gonga pini kwa nyundo iingie, ndipo nati iifuate. Ukivuta pini kwa nati peke yake utakata hesi yake.

Shingo: kamata breki ya mbele, sukuma usukani mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye maungio ya fremu na uma. Ukisikia mchezo, kaza. Aina ya zamani ina nati mbili juu, ya chini ikirekebisha na ya juu ikifunga. Aina mpya hulegezwa kwanza bolti za pembeni za shina la usukani, kisha bolti ya juu hukazwa kidogo mpaka mchezo uishe, halafu za pembeni hufungwa. Bolti ya juu haishiki usukani. Kuikaza kwa nguvu hubana gololi tu.

Nguzo ya kiti ipakwe grisi kama ni ya chuma au alumini, la sivyo itagandana na fremu. Isivutwe kupita mstari wa mwisho uliochorwa juu yake.

Baada ya kufunga kifaa chochote, jaribu breki ukitembea kabla ya kupanda, endesha polepole mita mia mbili ukisikiliza, kisha baada ya kilomita 50 rudia kukaza mikono ya pedali, spoki mpya na nati za ekseli, na uvute tena waya mpya za breki na gia, kwa sababu vitu hivi vyote hulegea vinapokaa mahali pake kwa mara ya kwanza.